Mkopo Usiomla Mkopaji



Hapa kwetu Kindu hatuna haja ya kufasiriana maana ya kwenda kwa Lambert. Mama amefiwa, au mtoto wa sekondari amerudishwa nyumbani juu ya minerval: anachukua dola 100, na mwisho wa mwezi anarudisha 150. Asipozipata zote, zile 50 zinazaa nyingine. Sisi walimu tunalijua jambo hilo kuliko wengi. Wako wenzetu ambao kadi yao ya mshahara inalala mfukoni mwa mkopeshaji. Mwezi ukiisha, yeye ndiye anayepokea, na mwalimu anamngojea nje apewe kilichobaki.

Ndiyo sababu tulianza sanduku letu. Kila juma tunaweka hisa, tunakopeshana sisi kwa sisi kwa faida ya 10 kwa mia kila mwezi, na mwisho wa mwaka tunagawana. Hakuna anayeweza kusema sanduku halikutusaidia. Kuna watoto walioandika mtihani wa serikali kwa sababu yake, na kuna mama aliyeacha kuuza chumvi kwa kikombe akaanza kuuza kwa mfuko.

Lakini mwaka huu kuna neno linalotusumbua. Wamama wenzetu Waislamu wanaweka hisa kama sisi, ila hawakopi, na siku ya kugawana wanachukua kile walichoweka tu. Faida wanaiacha mezani. Dini yao inaita faida hiyo riba, na imekatazwa. Wawili wamesema wataondoka. Katika mkutano wengine walijibu kwamba pesa ni pesa, dini ibaki mlangoni. Wengine wakasema tufute faida yote. Hapo mtunza sanduku akauliza: tukiifuta, tutagawana nini, na nani ataendelea kuweka? Swali lake lilikuwa la haki, na huzuni ya wale wawili pia ilikuwa ya haki. Komite ikatuomba sisi walimu tutafute jinsi watu wa mahali pengine walivyofanya. Leo tunawaletea habari ya mtu mmoja.

Jina lake ni Yahia Abdul-Rahman. Ni mzaliwa wa Misri, aliyehamia Marekani akiwa kijana wa masomo, akapata udaktari katika uhandisi wa kemia kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alitumika katika kampuni la mafuta, kisha akaingia katika kazi ya fedha. Wakati huohuo alikuwa mtumishi wa jumuiya ya Waislamu, na huko ndiko alikoona shida. Familia za wahamiaji zilikuwa na kazi na mshahara, lakini hazikuwa na nyumba. Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa benki wa miaka 15 au 30, na juu yake riba. Mwislamu aliyeshika dini yake alibaki akilipa pango mwaka baada ya mwaka, au alitia sahihi huku moyo ukimshitaki.

Mwaka 1987, yeye na wenzake walianzisha kampuni katika mji wa Pasadena, jimbo la California, wakaliita LARIBA. Kwa Kiarabu maana yake ni "hakuna riba". Miaka ya 1990 wenye hisa wa kampuni hilo walinunua benki kamili, Bank of Whittier, iliyokuwa ikitumikia watu wa kila dini. Na mwaka 2001 Freddie Mac, shirika kubwa la Marekani linalonunua mikopo ya nyumba ili wakopeshaji wapate pesa ya kukopesha tena, likaanza kununua mikataba ya LARIBA. Jambo lililoanza kati ya watu waliojuana likakubaliwa na nchi nzima.

Hakuwa wa kwanza duniani. Katika Misri alikozaliwa, mwaka 1963 Ahmad al-Najjar, aliyekuwa amesoma Ujerumani, alifungua benki ya akiba katika mji wa Mit Ghamr kwa ajili ya wakulima na watu wadogo. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga benki waliweka akiba yao huko bila riba. Benki hiyo haikuishi miaka mingi, lakini mbegu ilibaki. Mwaka 1975 ilifunguliwa Dubai Islamic Bank, na karibu na sisi, Kenya ilipata benki mbili za namna hiyo mwaka 2008.

Sasa tuingie jikoni tuone chungu chenyewe kinapikwaje. Mtu akitaka nyumba, LARIBA haianzi kwa kuuliza riba ya soko ni ngapi. Inauliza: nyumba kama hii, katika mtaa huu, inapangishwa kwa bei gani? Mnunuzi anakwenda kuuliza, kampuni nalo linauliza, kisha wanakutana na kupatana bei ya pango iliyo ya kweli. Mnunuzi ametoa sehemu ya bei, kampuni limetoa sehemu nyingine. Kila mwezi mnunuzi anafanya mambo mawili: anarudisha kipande cha pesa ya kampuni, na analipa pango kwa sehemu ambayo bado si yake. Sehemu ya kampuni inapungua, pango linapungua nayo, mpaka nyumba inakuwa yake yote.

Katika mkutano mama mmoja alitushika hapo. Alisema: "Walimu, pango ni pesa ya juu, na riba ni pesa ya juu. Mmebadilisha jina la ugonjwa tu." Tunamshukuru, kwa maana hata wataalamu huuliza hivyo. Sheria ya Marekani yenyewe inamdai mwenye kufadhili nyumba aandike kiwango kwa asilimia, kama mikopo mingine. Kwa hiyo kwenye karatasi mambo mawili yanaweza kufanana.

Tofauti inaonekana pahali pengine. Mwenye kutoza riba hana haja ya kujua kama kitu unachonunua kina thamani. Nyumba iwe ghali kupita kiasi, biashara iwe ya kufa, yeye anahesabu siku tu. Lakini anayehesabu pango lazima akitazame kitu chenyewe. Kama nyumba inauzwa ghali sana na pango la mtaa ni dogo, hesabu inakataa, na mnunuzi anaambiwa: usinunue, utaumia. Katika kitabu alichotoa mwaka 2010, Abdul-Rahman anafundisha pia kupima bei za vitu kwa dhahabu na kwa nafaka, ili mtu aone kama bei imepanda kweli au imevimba tu. Tunakumbuka mwaka 2008, mabenki makubwa ya Marekani yalipoanguka kwa sababu yalikuwa yamekopesha watu nyumba za bei iliyovimba. Familia nyingi zilipoteza nyumba zao.

Anaandika pia kwamba katazo la riba si la Waislamu peke yao. Sisi Wakristo tukifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 22, tutakuta amri ya kutomtoza maskini riba. Mara ngapi tumeisoma kanisani Jumapili, na Jumatatu tukahesabu 10 kwa mia juu ya mjane?

Basi tujaribu hesabu hiyo kwa kipimo chetu. Mama anataka mashini ya kushona ya dola 120. Yeye ana 40, sanduku linaweka 80. Tuseme tumeuliza mtaani na kukuta kwamba mashini kama hiyo inapangishwa dola 6 kwa mwezi. Sanduku lina theluthi mbili za mashini, kwa hiyo mwezi wa kwanza pango la sanduku ni dola 4. Mwezi huohuo mama anarudisha dola 8 za mtaji. Mwezi wa pili sehemu ya sanduku ni 72, na pango ni dola 3 na senti 60. Tukiendelea hivyo miezi 10, mashini ni yake, na sanduku limepata dola 22 za kugawana. Kwa desturi yetu ya 10 kwa mia, hata tukihesabu juu ya deni lililobaki tu, angelipa dola 44.

Mtunza sanduku atasema: tumepoteza 22. Tunamwomba atazame upande wa pili. Mashini ikivunjika bila kosa la mama, matengenezo tunagawana, sanduku theluthi mbili na yeye theluthi moja. Hiyo ni hatari kwetu, na ndiyo inayotupa haki ya kupokea pango. Tena itatufanya tuende kuitazama mashini kabla ya kuinunua, tumwite fundi, tuulize kama mtaa huo una wateja. Leo tunatoa pesa na kuandika daftari, basi.

Kwa wamama wa soko, mashini si mfano wao. Wao wanangoja makayabo, chumvi na sabuni kwa treni, na sote tunajua treni yetu. Ikichelewa mwezi mzima njiani, faida ya 10 kwa mia haichelewi. Kwao kuna njia nyingine ambayo mabenki hayo hutumia: sanduku lenyewe linanunua mzigo, linaupokea, kisha linamuuzia mama kwa bei inayojulikana tangu mwanzo, alipe polepole. Bei hiyo haiongezeki hata siku moja. Mzigo ukipotea kabla hatujamkabidhi, umepotea mikononi mwa sanduku, si mikononi mwake. Hapa lazima tuseme wazi: sanduku dogo linaweza kuanguka kwa mzigo mmoja. Kwa hiyo tunapendekeza tuanze na mizigo midogo, na tutenge akiba ya hasara.

Hatusemi tuvunje kanuni zetu kesho. Tunapendekeza mwaka huu tutenge robo ya sanduku kwa njia hii, iwe wazi kwa kila mama, Mkristo au Mwislamu, na robo tatu zibaki kama zilivyo. Mwisho wa mwaka daftari zitaonyesha nani alilipa vizuri na nani aliumia. Tumewaomba wale wawili wasiondoke kabla ya hapo, nao wamekubali kungoja kura.

Kura itapigwa katika mkutano wa mwezi ujao. Kabla ya siku hiyo kila mama aulize katika mtaa wake bei tatu: pango la mashini ya kushona, pango la frigo, na pango la kibanda cha soko. Aziandike na kuzileta. Asiyejua kuandika amtume mtoto wake amwandikie, au apite kwetu baada ya masomo, tutamwandikia.