“Ameteguka Tu”

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu yote ni maneno. Nikikosea herufi moja katika kitabu cha ubatizo, kosa hilo litamfuata mtoto mpaka siku ya ndoa yake. Basi nataka niwaeleze leo juu ya neno moja nililolisema uwanjani bila kufikiri, nalo limemfuata mtoto mpaka sasa.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa saba, kule kwetu upande wa Mbeya. Vijana wa vigango viwili walikuwa wakishindana mpira, na watoto wadogo wana mpira wao wa matambara kando ya uwanja, penye mtelemko. Mpwa wangu, wa miaka minane wakati ule, akateleza, akaanguka hali ameutanguliza mkono wa kuume. Kiwiko kikaanza kuvimba. Dada yangu akanitazama mimi, maana mimi ndimi niliyesoma chuo cha ualimu huko Iringa, tena siku ile ndimi niliyeshika filimbi. Nikamwambia, “Ameteguka tu, dada. Mpeleke kwa mzee akamchue.” Nikarudi kupuliza filimbi yangu.

Mzee alimchua, akamvuta, akamfunga vipande vya mianzi akavikaza sana. Usiku wa pili mtoto hakulala kwa kulia. Alfajiri akaniambia, “Mjomba, vidole vimelala.” Nilipovigusa vilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Kumbe mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, na kamba zile zilizokazwa juu ya uvimbe zilizuia damu isifike mkononi. Hospitalini walikata kamba, wakampiga picha ya eksirei, wakampasua. Mfupa uliunga vizuri. Lakini sehemu ya misuli ilikuwa imekwisha kufa kwa kukosa damu, na vidole vimekunjamana hata leo.

Yule mzee alifunga kama alivyofundishwa na baba yake. Neno lilitoka kwangu, na ndilo lililotuchelewesha.

Maana tazameni jinsi tunavyolitumia neno hili kuteguka. Mtu akikanyaga shimo kifundo cha mguu kikapinduka, twasema ameteguka. Bega likitoka mahali pake, ameteguka. Msuli wa paja ukichanika akikimbilia mpira, ameteguka pia. Hata mfupa ukipata ufa, ni lile lile. Ndugu zangu, haya ni mambo manne, na hayatibiwi namna moja.

Kuteguka hasa ni kuumia kwa kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa kwenye kiungo. Huweza kuvutwa tu, au kuchanika nusu, au kukatika kabisa. Goti ndilo baya zaidi: mchezaji husikia kitu kimelia “ta!”, goti likavimba kwa saa chache, na baadaye akitaka kugeuka linamwacha. Huyo asirudishwe uwanjani hata akisema amepona.

Msuli ni nyama yenyewe inayovuta mfupa. Ukichanika, mtu hushika paja ghafula kama aliyepigwa jiwe. Usichanganye na kukazana kwa msuli, ambako huja kwa uchovu na kupita kwa kuunyoosha polepole.

Mfupa ukihama kwenye kiungo, umbo lenyewe hubadilika, na mtu hawezi kukisogeza. Usiurudishe kwa kuvuta, maana mishipa ya damu na ya fahamu imepita papo hapo. Ukivunjika, huuma ukibonyeza juu ya mfupa wenyewe. Na mchezaji aliyeumia kifundo cha mguu, asipoweza kwenda hatua nne, apelekwe akapigwe picha. Kwa watoto tuwe wepesi zaidi kwenda hospitali, maana mifupa yao ingali inakua na huvunjika upesi mahali ambapo mtu mzima angeteguka tu.

Wengi wataniuliza, tufanye nini basi kabla ya kufika zahanati? Apumzike. Tuweke kitambaa cha maji baridi, na huku Nyanda za Juu twashukuru maji baridi hayatupi taabu, dakika kama kumi na tano, kisha tena baada ya saa mbili tatu. Mguu uinuliwe juu ya mto. Siku mbili tatu za kwanza tusichue, tusikande kwa maji ya moto, wala tusimpe ulanzi wa kupoza maumivu. Tukifunga, tubonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, kisha tuuachie: wekundu usiporudi mara moja, tulegeze hapo hapo.

Kichwa nakitaja peke yake. Vijana wawili wakigongana hewani, mmoja akainuka anauliza tunacheza na nani, ubongo umetikisika. Asicheze tena siku ile, hata kama timu ni pungufu. Akitapika, akisinzia ovyo, kichwa kikizidi kumuuma au akitokwa na damu sikioni, ni hospitali usiku huo huo. Na aliyelala kimya baada ya kuangukia shingo asiinuliwe na kukalishwa ili amwagiwe maji, kama nilivyoona mara nyingi.

Shuleni nilikuwa nikiwasimulia watoto habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani, goti na bega vikaumia vibaya, akafungwa bandeji, akaendelea. Alifika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia, mshindi. Ni habari ya kweli na namheshimu mtu yule. Lakini nilivyoisimulia mimi, watoto walielewa kwamba kuficha maumivu ndiyo uanaume. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejua anachokifanya, tena aliyefungwa jeraha kwanza. Mtoto wa darasa la pili si hivyo.

Siku hizi nikienda uwanjani nachukua ndoo ya maji, vitambaa safi viwili, na namba ya kijana mwenye pikipiki anayejua njia ya hospitali usiku. Mpwa wangu huja nami. Huandika majina ya wachezaji kwa mkono wa kushoto, polepole, na mwandiko wake sasa wasomeka kuliko wangu. Dada yangu hajanilaumu hata mara moja. Ningependa angenilaumu.