Sikuda na Kuvu Ziuazo Wadudu

Msafiri atokaye Tororo kuelekea Busia huuacha nyuma ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, hupita kando ya msitu wa Busitema, ambao madereva wa zamani waliuogopa kwa ajili ya majambazi, kisha huingia katika nchi ya muhogo, mahindi na mtama. Si mbali na mji wa Busia, upande wa Uganda, ndipo ilipo kaunti ndogo ya Sikuda. Wilaya hii ni ya Wasamia, Wagwe, Wateso na wengineo, na mpaka uliochorwa na wakoloni umepita katikati ya koo zao. Shangazi yuko Kenya, mpwa yuko Uganda, nao huzikana na kuozana kama kwamba hapana askari wala kizuizi barabarani.

Jina la pande hizo limejulikana mbali kwa sababu ya dhahabu ya Tiira. Lakini shimo la dhahabu likiisha kuchimbwa na kuachwa, mvua hulijaza maji, na maji yaliyotuama juani ni nyumba ya mbu aletaye malaria. Katika Nagongera, wilayani Tororo, watafiti waliokuwa wakitega mbu kuanzia mwaka 2011 walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa mara 310 kwa mwaka na mbu waliokwisha kubeba vijidudu vya ugonjwa huo. Hiyo ni karibu kila usiku. Mtoto wa huko aliugua malaria karibu mara tatu kwa mwaka. Mama aliyewahi kumbeba mgongoni mtoto mwenye degedege, usiku, akitafuta zahanati, hahitaji kufafanuliwa tarakimu hizo. Wala askari aliyelala doria mpakani au katika kambi ya Rubongi.

Dawa ya kupuliza ukutani ilipoanza kutumika Tororo mwishoni mwa mwaka 2014, malaria ilishuka sana. Hata hivyo mbu si mjinga. Mbu wa Busia na Tororo wamekwisha kuizoea dawa ya jamii ya pareto itiwayo katika vyandarua, hata ikabidi viletwe vyandarua vyenye kiungo cha pili cha kuivunja nguvu hiyo ya mbu. Ndiyo sababu wataalamu wameanza kuitazama silaha ambayo watu wa vijijini wameiona tangu utoto pasipo kuijali, nayo ni kuvu.

Watu wa Sikuda wana urafiki wa siku nyingi na kuvu. Mvua zikianza, kumbikumbi hutoka vichuguuni na watoto huwakimbilia na vyombo. Baadaye uyoga huchomoza kando ya vichuguu hivyo hivyo, nao huliwa kwa ugali. Uyoga huo hupandwa na mchwa wenyewe, ambao huulisha majani waliyoyatafuna na kisha kuula. Huyo ni kuvu rafiki wa mdudu. Yuko na adui yake. Mchunga ng'ombe aweza kumkuta panzi amekufa huku ameng'ang'ania bua la nyasi, mwili umekauka, na juu yake umeota unga mweupe au wa kijani. Panzi huyo hakufa kwa njaa. Vumbi la kuvu lilimwangukia, likaota juu ya ngozi yake ngumu, likaitoboa, likaenea ndani ya damu na kumla. Akiisha kufa, kuvu hutoka nje tena na kumwaga vumbi jipya kwa ajili ya panzi wengine.

Mbili kati ya kuvu za namna hiyo wataalamu huziita Metarhizium na Beauveria. Katika kijiji cha Lupiro, karibu na Ifakara nchini Tanzania, watafiti walitundika ndani ya nyumba tano vitambaa vyeusi vya pamba vilivyopakwa Metarhizium. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: asilimia 23 ya mbu walionaswa katika nyumba hizo walikuwa wameambukizwa. Kuvu haimwui mbu papo hapo. Humchukua siku kadhaa. Mtu aweza kudhani huo ni udhaifu, kumbe sivyo. Kijidudu cha malaria nacho huhitaji kama siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hakijaweza kumwambukiza mtu mwingine, hivyo mbu afaye mapema hufa na mzigo wake kabla hajaufikisha.

Mbung'o nao hawakusahauliwa, na hapa Tororo ina historia yake. Shirika la utafiti wa malale la Afrika Mashariki lilikuwa Tororo enzi za Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977. Ng'ambo ya mpaka, Alupe, wagonjwa wa malale walitibiwa kwa miaka mingi. Mlipuko uliozuka Busoga mwaka 1976 ulifika Tororo katika miaka ya themanini, ukaua watu na kuwatia hofu wenye ng'ombe. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mtaalamu Nguya Maniania alitengeneza mtego usiomwua mbung'o bali humpaka vumbi la kuvu na kumwachilia aende akawaambukize wenzake, hasa wakati wa kujamiiana. Ulijaribiwa katika visiwa vya Ziwa Victoria.

Je, kuvu hizi ni dawa ya binadamu? Ndiyo, lakini kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1969 udongo uliochotwa katika nyanda za juu za Hardangervidda, Norway, ulipelekwa Uswisi, ukapatikana ndani yake kuvu iliyotoa dawa ya siklosporini. Dawa hiyo huuzuia mwili usikatae figo ya mtu mwingine, na baada ya kuruhusiwa Marekani mwaka 1983 iliokoa watu wengi mno. Ilikuwa mpaka mwaka 1996 ndipo ilipogunduliwa kwamba kuvu hiyo, katika hali yake nyingine, huota juu ya buu la mende-kibyongo aliyemwua. Kuvu nyingine ya wadudu ilitoa asili ya dawa ya ugonjwa wa mishipa ya fahamu, iliyoruhusiwa mwaka 2010.

Basi asiokote mtu panzi mwenye unga akamsaga na kumnywesha mgonjwa. Siklosporini hupunguza kinga ya mwili, na mgonjwa huitumia chini ya macho ya daktari. Kiwavi mwenye kuvu wa milima ya Tibet huuzwa kwa bei ya kutisha kama dawa ya nguvu, lakini sifa zake ni kubwa kuliko ushahidi wake.

Habari ya karibu zaidi na Sikuda imetoka Mbita, zaidi ya kilometa mia moja kusini, penye kituo kingine cha ICIPE ziwani. Mwezi wa Mei 2020 Jeremy Herren na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa Kenya wana kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, jamaa wa karibu wa kuvu. Hicho hakimwui mbu wala hakimdhuru sana. Kinamkalia ndani, na mbu aliye nacho hashiki vijidudu vya malaria. Mama humrithisha mtoto, na dume humpa jike. Kazi iliyobaki ni ngumu: mbu wenye kijidudu hicho ni wachache, na hakioteshwi katika chombo kama Metarhizium, bali hufugwa ndani ya mbu wenyewe. Kwa hiyo wafanyakazi wa maabara huwalea mbu kizazi baada ya kizazi, wakiwapima mmoja mmoja, wakitafuta jinsi ya kuwaachilia madume, ambao hawaumi mtu, wakawaambukize majike wa mashimoni na mabwawani. Huko Sikuda, jioni ikiingia, bado ni chandarua kitundikwacho kwanza juu ya kitanda cha watoto.