Maganda ni Mali ya Mkulima

Nilizaliwa upande wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nikasoma kiasi cha kujua hesabu, kisha umri wangu wa kazi ukapita katika viwanda vya kahawa vya ushirika, Embu na Meru, hadi nikastaafu. Ninalobishania mpaka leo ni maganda. Katika kilo 100 za cheri anazopimiwa mkulima, 40 hivi hubaki maganda mabichi, na kahawa safi haifiki 20. Hata hivyo mikutano ya ushirika huzungumzia malipo ya kahawa tu, huku lundo la maganda likioza na maji yake meusi yakiteremkia mito inayolisha Tana. Maganda hayo yana potasiamu nyingi na naitrojeni, vitu ambavyo mkahawa umevitoa shambani. Kuvitupa, kisha kumkopesha mkulima mbolea ya dukani, ni kumkamua mara mbili.

Husemwa kwamba maganda huunguza mizizi. Yakitiwa mabichi, ni kweli. Lakini yakichanganywa na samadi na majani makavu, yakageuzwa mara kwa mara, lundo hupanda joto kupita nyuzi 55, hupoa, na baada ya miezi mitatu au minne huwa mboji. Enyi vijana, msilipime lundo kwa macho! Juu hukauka likapendeza, ndani linanuka uchachu. Chomekeni upanga katikati, muuache kidogo, muuchomoe: ukiwa wa moto, kazi inaendelea, ukitoka baridi na maganda hayajabadilika, lundo limekosa hewa au maji, ligeuzeni.

Wengine husema dawa ni kuyatengenezea gesi maganda hayo. Siikatai, ila mtambo wa gesi hutaka kulishwa mwaka mzima, nasi tuna msimu mkuu wa Oktoba hadi Desemba na mdogo unaoanza Aprili. Katikati ya hapo utalishwa nini, ilhali samadi iko kwa wakulima? Ng'ombe nao hawawezi kulishwa maganda mengi, kwa sababu ya kafeini na tanini. Pingamizi lenye nguvu ni uzito: maganda mabichi kwa sehemu kubwa ni maji, na hakuna atakayeyabeba hadi shambani. Mboji, hata hivyo, ni nyepesi zaidi, na mikokoteni inayoleta cheri hurudi mitupu. Kilichobaki ni karani wa ushirika kuandika daftarini, kando ya kilo za kila mwanachama, magunia ya mboji anayodai.