Usukani Uko Upande Gani?

Kwetu Logiri, katika kaunti ya Vurra, baiskeli hubeba mihogo, mkaa, jerikani za maji, na mara nyingine mgonjwa. Likizo iliyopita wajomba zangu waliniomba niwafundishe vijana wanne wanaopeleka bidhaa mpakani. Jirani yetu alikuwa amegongwa akirudi na magunia matupu, na mguu wake haujapona hadi leo.

Wengi hudhani kwamba ukishika kushoto na kupiga kengele, umemaliza. Lakini Uganda tunapita kushoto na Kongo wanapita kulia, kwa hiyo njia ya Vurra ina malori mengi yenye usukani wa kushoto. Dereva wake anapokuwa huku kwetu hukaa upande wa majani. Akitaka kulipita gari lililo mbele, haoni anayekuja mpaka lori zima limeshatoka katikati ya barabara. Anayekuja akiwa juu ya baiskeli ndiye hukutana nalo.

Siku ya kwanza hatukugusa baiskeli. Tulikaa chini ya mwembe kando ya lami, kila mmoja akitaja jambo kabla halijatokea. "Lile la nyuma litapita." "Mbuzi mmoja keshavuka, wenzake watamfuata." Darasani tulichambua kiambishi -ta- kwa wiki nzima, pale nilikiona kikifanya kazi. Niliwaambia watazame gurudumu la mbele la lori, wasingoje honi, kwani gurudumu hugeuka kwanza. Tena washuke mapema: magunia yakijaa kwenye kareli, usukani wa baiskeli huwa mwepesi na hukataa kukata kona ya ghafla.

"Kaka, nikishuka kila mara nitafika saa ngapi?" akauliza mmoja. Swali la haki. Nyanya ya saa nne haiuzwi bei ya nyanya ya saa moja. Tukakubaliana washuke malori mawili yanapofuatana karibu, na penye kilima kisichoonyesha ng'ambo.

Kilichobaki kigumu ni jioni. Mtu ameshinda Kongo akishika kulia, anavuka forodha amechoka, akili iko nyumbani lakini mikono bado iko Kongo. Hapo sikuwa na dawa. Mdogo wao alifunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto. Akivuka kwenda hukihamishia kulia, akirudi hukirudisha. Sasa wawili wengine wamefunga vyao.