Kuanza Ualimu Ukiwa na Miaka 41



Wiki hii mmeniandikia inboksi mmoja mmoja, na swali ni lile lile, ni umri tu unaobadilika. "Pasta, nina 36." "Pasta, nina 44 na watoto watatu shuleni." Wote mnauliza kama mtu anaweza kuanza ualimu saa hii bila kuwa kichekesho. Mnaniuliza mimi kwa sababu mnajua nilishika chaki nikiwa na miaka 41. Acha niwajibu hapa wote pamoja, na niwajibu kama mwalimu. Mhubiri angewaambia tu kwamba wakati wa Mungu ndio bora, mkasema Amina, mkaenda nyumbani na swali lenu.

Wakati wa Mungu ni bora, sipingi. Lakini kuchelewa kuna gharama, na anayekuficha gharama hiyo hakutakii mema. Mwalimu wa serikali anastaafu akiwa na 60. Aliyeanza na 24 ana miaka 36 ya kupanda ngazi na kuweka pensheni. Mimi nilianza nikiwa nimebakisha 19. Niliingia 2023 kama mwanagenzi wa TSC katika Sekondari Msingi, mwaka ule Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Piga hesabu hiyo ukiwa na mke, watoto na kodi ya nyumba. Ajira ya kudumu ilikuja Januari 2025, tulipothibitishwa walimu 46,000 kwa pamoja. Hapo katikati Mama Pasta ndiye aliyebeba nyumba kwa kibanda chake cha mboga, na kabla ya hapo alikuwa ameibeba miaka minne nikisoma wakati wa likizo, Aprili, Agosti na Desemba. Kwa hivyo ndugu, kabla hujaniuliza mimi kama umechelewa, keti na mwenzako. Hiyo ndiyo idhini ya kwanza. (Yale ya mgomo wa 2024 mnayajua, siyarudii.)

Kuna walionong'ona kwamba Pasta ameacha madhabahu akafuata mshahara. Someni Matendo 18. Paulo alifika Korintho akakaa na Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja kwa sababu kazi yao ilikuwa moja, na kila Sabato akawa ndani ya sinagogi akihojiana na watu. Sijaona mahali tumeambiwa kwamba sindano ilimpunguzia upako.

Sasa Musa. Tunapenda sana kumtaja Musa kwa waliochelewa, kwa kuwa Kutoka 7:7 inatupa umri wake waziwazi: alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, na Haruni 83. Tunapiga makofi hapo, tunafunga Biblia. Mimi huwa narudi nyuma mpaka sura ya 3, anapochunga kondoo wa mkwewe, na kondoo hao wanamfikisha mpaka Horebu. Baadaye ni mlima huo huo aliowaleta Waisraeli. Miguu yake ilikuwa imeshafika pale kabla hajawa kiongozi wa mtu yeyote. Elimu ya ikulu ya Misri haikumfundisha mahali maji yanapopatikana jangwani. Kondoo walimfundisha.

Jangwa langu lilikuwa uchungaji mtaani: matanga, wadi za hospitali, kupigiwa simu saa nane usiku ndoa ya watu ikiwaka moto. Sikujua kwamba ningeyabeba hayo hadi darasani. Kulikuwa na kijana wa Gredi ya 8 aliyelala kila Jumatatu kipindi cha kwanza. Walimu wenzangu walikuwa wamemwandikia utovu wa nidhamu, na siwalaumu, darasa ni kubwa na kengele haingoji. Lakini aliyezunguka manyumbani kwa watu miaka mingi huuliza kwanza nani analala nyumbani. Nikaambiwa mama hufanya zamu ya usiku Jumapili, na kijana ndiye hukesha na mtoto mchanga. Tulibadilisha tu mahali pake pa kukaa, nikamwomba mwalimu wa kipindi cha kwanza ampe zile notisi mchana. Hajaponywa usingizi, lakini siku hizi anapita mitihani.

Cha kukunyenyekeza ni hiki. Naibu wa mwalimu mkuu ni mdogo wangu kwa miaka sita. Yeye ndiye hukagua azimio langu la kazi na andalio la somo, na kalamu yake ni nyekundu. Yeye huniita Pasta, mimi humwita Madam, na akisema rudia, narudia. Nilisomea CRE na Kiswahili, lakini Sekondari Msingi walimu ni wachache, kwa hivyo nilipewa na Sayansi. Mimi, niliyeachana na Fizikia Kidato cha Pili! Jioni nilikuwa nakaa majilisini na mwalimu wa miaka 25, ananionyesha jinsi ya kuunganisha betri na balbu, kesho yake nasimama mbele ya watoto kana kwamba nilizaliwa nayo. Ukiwa huwezi kufundishwa na mtu unayeweza kumzaa, usijaze ile fomu.

Halafu darasani hakuna Amina. Kanisani mnaniitikia hata kabla sijamaliza sentensi, Mungu awabariki. Watoto wananitazama tu. Mmoja anainua mkono: "Mwalimu, sijaelewa." Namweleza kwa njia nyingine. "Bado." Chuo cha Biblia kilinifunza hubiri la pointi tatu, lakini "bado" ya mtoto wa miaka 13 ni shule nyingine kabisa. Ndiyo maana somo la Biblia la Jumatano sasa lina dakika kumi za maswali, na nashukuru mmeanza kuyauliza magumu.

Kwa walio tayari: kufundisha sekondari, TSC inataka C+ ya jumla katika KCSE, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Angalia hiyo kwanza, kabla hujalipa mtu chochote. Usichukue mkopo wa chama kulipa karo ya chuo ambacho hujathibitisha usajili wake. Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi nitakuwa ofisini mpaka saa sita. Njoo na cheti chako, hata kama mende wamekula pembe. Baada ya saa sita msinitafute, nina madaftari ya Gredi ya 8 ya kusahihisha.

Mbarikiwe.