microKORG Bodoni: kinanda cha hesabu na robo toni isiyokuwemo

Leo naziweka kando hifadhidata na tovuti nizungumzie kifaa ambacho kimekaa mezani kwangu hapa Bodo mwaka mzima sasa. Kinaitwa microKORG, ni sinthesaiza ya kampuni ya Korg ya Japani, na kilitoka mwaka 2002. Changu nilikinunua kikiwa kimeshatumika, kwa mwanamuziki wa hotelini Diani aliyekuwa akihama. Kina vibonye 37 vidogo vidogo, vipande viwili vya mbao ubavuni, na maiki yenye shingo ya kupinda. Ukikiona mara ya kwanza utadhani ni cha watoto kuchezea.

Kwanza tuelewane kinafanyaje kazi, maana hapa ndipo sisi watu wa programu tunaponogewa. Vinanda vingi mnavyoviona kwenye majukwaa ya arusi huku Pwani ni vya sampuli. Ndani yake mna rekodi za ala halisi. Ukibonyeza, rekodi inachezwa. Hiki changu, ukiacha mawimbi mafupi 64 yaliyohifadhiwa, sauti yake inapigiwa hesabu palepale unapobonyeza. Ni kama tofauti ya kununua mahamri ya jana na kukanda unga mwenyewe.

Na hesabu yenyewe inaiga nini? Inaiga mitambo ya zamani ya analogi, mfano Minimoog ya mwaka 1970, ambayo sauti yake ilitoka kwenye umeme unaopita katika transista. Mitambo ile ilikuwa na utamu wake, lakini ilikuwa ikipata joto inapotea tyuni. (Ifikirie Bodo mwezi wa Februari!) Mwaka 1995 kampuni ya Clavia ya Sweden ikatoa Nord Lead, kinanda chekundu kilichoiga umeme ule kwa chipu ya kukokotoa sauti, na hapo ndipo jina la "analogi ya kuigiza" likashika. Korg wakatoa MS2000 mwaka 2000, kisha injini hiyohiyo wakaitia kwenye kiboksi kidogo. Ndiyo hii microKORG.

Sauti yake je? Nianze na wimbi la msumeno. Likiwa peke yake ni kama nyuki aliyefungiwa koponi. Washa osileta ya pili, iipishe kidogo na ya kwanza, moja iwe 440 kwa sekunde na nyingine 441, na utasikia sauti inavimba na kunywea mara moja kila sekunde, kama jahazi lililotia nanga. Halafu shika nobu ya chujio. Chujio hili linaweza kukata hadi desibeli 24 kwa kila oktavu, kwa hiyo ukilifunga, nyuki wote wanaondoka na kunabaki mvumo mnene wa chini. Ukilifungua taratibu sauti inatoka kama mtu anayefumbua kinywa. Mimi naweza kukaa saa nzima nafanya hilo tu, na majirani ni mashahidi.

Dosari zipo. Sauti nne tu kwa mpigo. Ukibonyeza noti ya tano, moja inakatwa. Na ukipanda juu sana unasikia ukwaruzo wa kidijitali. Sababu yake ni hii: mtambo wa kidijitali hupima wimbi mara kadhaa kwa sekunde, tuseme mara 44,100 kama CD, na hauwezi kubeba kitu kilichozidi nusu ya hapo, yaani 22,050. Tawi la wimbi likifika 25,000 halipotei. Linarudi kinyumenyume na kusikika kwenye 19,100, mahali ambapo halina udugu na noti uliyopiga. Ni kama gurudumu la gari kwenye sinema linaloonekana kuzunguka kinyume. Wahandisi wana mbinu za kupunguza jambo hili, lakini sikio likishaujua ukwaruzo ule haliusahau.

Cha kunifurahisha zaidi kwa mazingira yetu: kinatumia betri sita ndogo za AA. Umeme ukikatika mwambao mzima, mimi naendelea. (Ila vifungashio vya betri vipanguseni mara kwa mara, chumvi ya bahari haina urafiki na shaba.)

Vokoda nayo ina mambo. Unasema kwenye maiki, mtambo unaigawa sauti yako katika mikanda minane na kuipaka juu ya sauti ya kinanda, kinanda kinaongea. Nimegundua Kiswahili kinakaa vizuri humo, kwa sababu maneno yetu huishia na irabu, na irabu ndizo mikanda minane inazibeba kwa urahisi. "Karibu Bodo" inasikika wazi kabisa. "Shikamoo" inaumia mwanzoni tu, pale kwenye "sh".

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike.

Mjomba wangu ni mpiga udi. Anakaa karibu na gati ya mashua za Funzi, na taarabu anayoipenda ni ile ya udi wa kina Zein l'Abdin. Nilimpelekea kinanda nikampigia muziki wa kwanza alionifundisha nikiwa mdogo. Akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akaniambia: "Mjomba," (naye huniita mjomba, ndivyo ilivyo kwetu) "kitu chako kina sauti nzuri. Lakini mi yake si mi yetu."

Alikuwa sahihi kwa hesabu kamili. Oktavu ya kinanda imegawanywa mafungu 12 sawasawa, na kila nusu toni ina senti 100. Maqamu kama Rasti, yaliyofika huku kutoka Misri na Uarabuni, yana mi na ti zinazokaa katikati ya vibonye viwili. Udi hauna vikomo shingoni, kwa hiyo kidole kinakwenda kinapotaka. Kanuni ina vijiti vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi. Kinanda kina hapa au pale, katikati hakuna. Kampuni hiyohiyo ya Korg huuza vinanda vya aina nyingine vyenye vitufe vya robo toni kwa ajili ya soko la Kiarabu, lakini kwenye microKORG hakuna. Na mtoto anayekulia kwenye arusi za kinanda tupu, mi ya udi itamfikia kama kosa la mpigaji. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Dawa ilikuwa mlangoni mwa midi. Kinanda kina gurudumu la kupindia sauti, na katika midi pindo hilo ni namba kutoka 0 hadi 16,383, katikati 8,192. Upana wake nikauweka toni moja kila upande, yaani senti 200. Robo toni ni senti 50, ambayo ni 2,048. Kumbe kushusha robo toni ni kutuma 6,144 kabla ya noti!

Nikakata uhusiano wa vibonye na injini ya sauti (kwenye mipangilio ya midi kuna "Local", iwekeni "Off"), nikapitisha kila noti kwenye kompyuta, nikaandika programu fupi kwa Python na maktaba ya mido. Inagawanya namba ya noti kwa 12. Baki likiwa 4 ni mi, likiwa 11 ni ti. Hapo inatuma pindo kwanza, noti baadaye. Nyingine zote zinapata 8,192. Je, inachelewesha? Midi hupeleka biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe wa baiti tatu unachukua takriban milisekunde moja, hivyo pindo na noti ni mbili. Kinachosumbua ni jambo jingine: pindo huigusa chaneli nzima, kwa hiyo noti iliyotangulia ikiwa bado inafifia nayo inapinda. Nikakiweka kipige noti moja moja na nikafupisha mkia wa sauti. Udi nao si ala ya kubandika noti kumi.

Nikarudi kwa Mjomba. Akasikia, akainamisha kichwa. "Imeshuka mno. Ipandishe. Punje tu."

Robo kamili ya senti 50 ni ya vitabuni. Hata kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu la Cairo, mwaka 1932, wanamuziki walibishana kuhusu oktavu ya robo 24 zilizo sawa, kwa sababu wapigaji hawapigi hivyo. Basi nikaongeza mistari miwili: gurudumu la pili la kinanda, ambalo halirudi lenyewe ukiliachia, linatoa namba 0 hadi 127, nikaizidisha kwa 32, ndiyo iwe kipimo cha kushusha. 64 ni robo ya vitabuni.

Mjomba akalishika mwenyewe. Mkono wa kulia mi, mkono wa kushoto gurudumu, macho ameyafumba. Akapita, akarudi, akapita tena, akasimama. Nikatazama kwenye skrini: 47. Yaani 1,504, kama senti 37. Nikamwambia apige Bayati kuanzia re, ambayo huipita mi hiyohiyo. Akaliteremsha tena bila kuambiwa, safari hii 58.

Programu sasa ina majedwali mawili, Rasti ya Mjomba na Bayati ya Mjomba. Anasema Hijazi tusiiguse mpaka baada ya Magharibi, vidole vyake vipumzike kwanza.