Kalamu Mpya na Sauti ya Mzee



Wapendwa wasomaji, baadhi yenu hapa Sigino mmetuomba tuwaeleze ni zana zipi za simu na kompyuta zinazomfaa mtu anayetaka kuandika. Wameuliza makatekista wanaoandaa mafundisho, makatibu wa jumuiya ndogondogo, walimu, na vijana wenye hamu ya kuwa na blogu zao. Tumeona tuwajibu wote kwa pamoja katika tafakari ya juma hili, kwa maana swali ni jema na jibu lake linazidi orodha ya majina ya programu.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mashine hazikuzaliwa zikijua Kiswahili. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kila amri ya mashine ilibidi itafutiwe neno ambalo Mswahili angelielewa. Katika miaka hiyohiyo Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, inayotajwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili, na mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi, kwa kuhimizwa naye, alifungua ya kwake akiwa Helsinki, Finland. Tunayaandika haya ili kijana anayefungua simu yake leo na kukuta lugha yake imo ndani, ajue kwamba kuna watu walioitolea jasho.

Leo zana hizo zimetufikia hadi mlangoni. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, walimu wa shule za umma waligawiwa vishikwambi, na katika familia nyingi kuna walau simu janja moja. Hivyo hatuwezi tena kusema kwamba tunashindwa kuandika kwa kukosa kalamu. Inatubidi tujiulize tunaitumia kalamu hiyo kwa kazi gani. Sisi tungependa kuipanga kazi ya mwandishi katika hatua tano, na kuonyesha zana inasaidia wapi.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Kila simu ina programu ya kurekodi sauti, nayo ndiyo zana tunayoipenda kuliko zote. Unapomwendea mzee, mwombe ruhusa kwanza. Kisha zima mawasiliano ya simu yako, ili isije ikaita mzee akiwa katikati ya habari. Ilaze juu ya kitambaa, karibu naye, mbali na upepo na redio. Kabla hajaanza, taja wewe mwenyewe jina lake, mahali na tarehe, kwa sababu baada ya miaka 10 hakuna atakayekumbuka sauti ile ni ya nani. Saa nzima ya sauti ya ubora wa kawaida huchukua kama megabaiti 60 tu. Zaidi ya hayo, usimkatize. Mzee huzunguka kabla ya kufika, na mara nyingi jambo kubwa hulisema ukidhani amekwisha kumaliza.

Hatua ya pili ni kuandika. Programu yoyote ya kuandikia inatosha mradi ifanye kazi hata pasipo intaneti, maana bando huisha na mtandao hukatika. LibreOffice, ambayo ni mrithi wa OpenOffice, hupatikana bure kwa mwenye kompyuta. Google Docs hukuruhusu kuanza kazi kwenye simu na kuimalizia kwenye kompyuta, na ukiiandaa mapema huendelea kufanya kazi mtandao ukiwa haupo. Tangu mwaka 2017 Google inaweza kuandika maneno yanayosemwa kwa Kiswahili, jambo linalomfaa sana asiye mwepesi wa vidole. Hata hivyo zana hiyo hujikwaa katika majina ya watu na ya mahali. Jina la mtu ni kitu cha heshima, basi hayo uyaandike kwa mkono wako.

Hatua ya tatu ni kusahihisha. Wengi hulalamika kwamba mashine hupigia mstari mwekundu hata Kiswahili kilicho sahihi. Sababu yake inaeleweka. Kisahihishi cha tahajia huwa na orodha ya maneno pamoja na kanuni za kuyanyambua, na lugha yetu hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Tazameni neno *hatukuwaandikia*. Ndani yake mna vipande saba: ha, tu, ku, wa, andik, i, a. Kwa mzizi huo mmoja twaweza kuunda maelfu ya maneno, na hakuna orodha itakayoyamaliza. Kwa hiyo mstari mwekundu usikutie hofu ukiwa na hakika na neno lako.

Hatari kubwa zaidi iko mahali pasipopigwa mstari. Ukiandika tangazo la "Misa ya doa" badala ya "Misa ya ndoa", mashine itanyamaza kabisa, kwa sababu *doa* ni neno halali. Itanyamaza vilevile ukiandika kwamba fulani alizaliwa Bonga kumbe alizaliwa Dareda. Zana huchungulia herufi, lakini haijui kilichotokea. Dawa ya hayo ni ya kale: soma kwa sauti, kisha mpe mwenzako naye asome.

Hatua ya nne ni kutunza. Tarehe 3 Desemba 2023, wenzetu wa Katesh, wilayani Hanang, walipatwa na maporomoko ya tope yaliyoua watu na kuzoa makazi. Tungali tunawaombea. Msiba ule ulitukumbusha pia kwamba nyumba inapochukuliwa na tope, madaftari, vyeti na picha za wazazi huchukuliwa pamoja nayo. Kanuni ya watunza kumbukumbu ni rahisi kuishika: weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Moja yaweza kubaki katika simu, ya pili katika flashi, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu aliye mji mwingine. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Hatua ya tano ni kuchapisha. Kwa wenye nia ya kufungua blogu, Blogger na WordPress zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 20 na zote mbili hutoa nafasi ya bure. Lakini mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu nchini kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mwanzoni ada ya leseni ilikuwa shilingi 1,000,000, na baadaye kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Basi ulizeni TCRA kabla ya kuanza. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Habari za mgonjwa, za mtoto, au za ndoa ya watu zisichapishwe bila ridhaa ya wahusika. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, adabu yetu ingetosha kutuzuia.

Sasa tuje kwa zana ambayo wengi mmeiulizia zaidi: akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mtu aweza kuiagiza mashine imwandikie hotuba, barua au shairi, nayo ikamaliza kabla chai haijapoa. Tuelewe inavyofanya kazi. Imelishwa maandishi mengi mno, ikajifunza ni neno lipi huelekea kufuata neno lipi. Maandishi ya Kiswahili iliyoyapata ni machache kuliko ya Kiingereza, na yanayohusu Sigino ni machache kupita kiasi. Penye pengo haikai kimya. Hujaza maneno yanayoelekea kufaa, yawe kweli au yasiwe.

Tunayaona matunda yake msibani. Kama mjuavyo, kabla ya maziko husomwa historia fupi ya marehemu. Siku hizi twasikia historia zinazofanana kama sare za shule: marehemu alikuwa nguzo imara, mwenye moyo wa upendo na bidii isiyo kifani. Kiswahili chake ni sanifu kabisa. Lakini ukibadili jina, maneno yaleyale yatamfaa marehemu wa juma lililopita. Baada ya maziko ya namna hiyo tulimsikia mjane akimwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Mbona hawakusema habari ya ng'ombe?" Katika mwaka mmoja wa ukame mumewe aliuza ng'ombe wawili ili mtoto wa jirani asiachishwe shule. Mtoto huyo, sasa mtu mzima, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Habari hiyo ilijulikana nyumba hadi nyumba, ila mashine haikuijua, na aliyeiagiza hakumwuliza mama.

Hapo ndipo, wapendwa, tunapopata kipimo cha zana zote. Ile inayotusaidia kumsikia mtu na kumtunza ni zana njema, hata ikiwa ni daftari la shilingi chache. Ile inayotuondolea haja ya kwenda kumsikia inatuibia, hata ikiwa ni ya bure. Mwaka 2024, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, Papa Fransisko aliihusisha akili mnemba na hekima ya moyo. Na Mtakatifu Fransisko wa Sales, ambaye Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa waandishi mwaka 1923, alipokuwa Chablais aliandika vijikaratasi na kuvipitisha chini ya milango ya watu. Alitumia zana ya zama zake bila kusita, lakini miguu iliyofika kwenye milango ile ilikuwa ya binadamu.

Hatusemi akili mnemba itupwe. Nenda kwanza ukamsikilize mama, watoto, na jirani aliyelima naye. Andika waliyosema, hata kwa mistari iliyovunjika. Ndipo uipe mashine iyapange, iweke nukta na mkato, na uikataze kuongeza jambo lolote. Kisha rudi ukamsomee mama. Akitikisa kichwa na kusema "ndiye huyo", kazi yako imekamilika. Na jihadharini: unachokiandika humo huenda katika mitambo ya kampuni iliyo mbali. Siri za watu, magonjwa yao na migogoro ya nyumba zao zisipelekwe huko.

Tunao mfano wa jirani. Hapa Babati Kigorowa kinasemwa tangu kabla ya barabara na mji, na vijana wanaokisema kwa ufasaha si wengi kama wazee wao. Mwanaisimu Andrew Harvey, akishirikiana na Wagorowa wenyewe, alirekodi sauti na video za wazungumzaji, na tangu mwaka 2017 mkusanyo huo umewekwa katika ELAR, hifadhi ya lugha zilizo hatarini kutoweka, iliyokuwa SOAS mjini London hadi ilipohamia Berlin mwaka 2021. Kwa kazi za namna hii wataalamu hutumia programu ya bure iitwayo ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, ambayo huunganisha kila mstari wa maandishi na sehemu yake ya sauti. Ukibonyeza mstari, wamsikia aliyeusema. Ni zana ya hali ya juu, lakini isingekuwa na la kuunganisha kama mtu asingeketi kwanza na wazee na kuwasikiliza.

Basi tunaomba jambo moja dogo juma hili. Kila mwenye simu amwendee mzee mmoja wa ukoo wake, amrekodi kwa dakika 10 tu, na kumwuliza maswali matatu: ulizaliwa wapi na nani walikuwapo, ni mwaka upi ulikuwa mgumu kuliko yote, na nani alikusaidia, ni jambo gani ungependa wajukuu wako wasilisahau. Makatibu wa jumuiya wawasaidie wasio na simu. Anayesema Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi au Kimbugwe aseme kwa lugha yake, tafsiri itafuata. Rekodi hizo ni mali ya familia. Hatuzihitaji parokiani, na hakuna atakayelazimika kuzichapisha.

Masika yanapokaribia kila mtu hurudi shambani, na mavuno yakifika hakuna anayekumbuka kuuliza. Wazee wetu nao hawatusubiri milele. Tufanye kazi hii wakati wangali wanatujibu.

Tunawatakia nyote Dominika njema.